Oili ya Pili ya Skuta, Ile Inayosahauliwa

Skuta yangu ilianza kulia. Injini ilikuwa inanguruma vizuri na oili yake nilikuwa naibadilisha kwa wakati, lakini nyuma, upande wa gurudumu, ulitoka mluzi mwembamba uliopanda nikiongeza mwendo na kushuka nikipunguza. Fundi niliyempelekea aliisikiliza, akasema ni mkanda. Tukabadilisha mkanda, mluzi ukabaki palepale. Ndipo mzee mmoja, fundi wa vespa za zamani hapa Unguja, alipoinama nyuma ya gurudumu, akagusa bolti ndogo iliyozibwa na vumbi na kutu, akaniuliza: "Mwanangu, hii mara ya mwisho umeifungua lini?"

Sikuwa najua kwamba inafunguliwa. Skuta ilikuwa imeshatembea kilomita 18,000. Kilichotoka humo kilikuwa uji mweusi, mchache, unaometameta kama rangi ya fedha. Ule mmeto ulikuwa ni chuma cha gia zangu, kilichosagika siku baada ya siku wakati mimi nikijihesabu kuwa mtunzaji mzuri wa chombo.

Tangu siku ile kila ninayemwona na skuta humuuliza swali lile la mzee, na wengi hunijibu kwamba oili wamemwaga juzi tu. Wanasema kweli, ila wanazungumzia oili moja, na skuta ina mbili. Hili si suala la uvivu. Ni kwamba chombo hiki kimejengwa kwa mpango tofauti na pikipiki tulizozizoea, na asiyeujua mpango huo hawezi kuitafuta oili ya pili kwa sababu hajui kama ipo.

Chukua pikipiki ya bodaboda. Injini, klachi na gia zake zote zinakaa kwenye tumbo moja na zinaoga oili moja. Ukifungua bolti ya chini, oili yote ya chombo imetoka. Ukijaza mpya, umemaliza. Kutoka hapo nguvu huenda kwenye gurudumu kwa mnyororo ulio nje, unaopakwa mafuta kwa mkono. Fundi aliyejifunza kazi kwenye bodaboda ana kila sababu ya kuamini kwamba kazi ya oili ni bolti moja na chupa moja, na akiletewa skuta ataifanyia hivyohivyo.

Skuta ina vyumba vitatu. Cha kwanza ni injini yenyewe: pistoni, silinda, valvu na oili yao. Cha pili ni lile boksi refu la upande wa kushoto, linalotoka kwenye injini hadi kwenye gurudumu la nyuma. Ndani yake mna mkanda wa mpira unaozunguka kati ya puli mbili. Injini ikiongeza kasi, roli ndogo ndani ya puli ya mbele husukumwa nje na kuibana puli hiyo, mkanda unapanda juu, na ndivyo skuta inavyobadili gia bila wewe kugusa kitu. Nyuma ya boksi hilo kuna klachi yenye viatu, mfano wa viatu vya breki, vinavyofunguka vyenyewe vikizungushwa kwa kasi. Chumba hiki kizima ni kikavu. Hakitakiwi kuwa na tone la oili. Ukikifungua ukakuta kimelowa, kuna sili, yaani mpira wa kuziba oili, imekufa na mkanda utateleza.

Chumba cha tatu kimejificha nyuma kabisa, kimekumbatia ekseli ya gurudumu. Humo mna gia chache za chuma ambazo hazibadiliki, na kazi yao ni moja: kupunguza kasi na kuongeza nguvu. Tufanye hesabu kidogo. Tairi la skuta la inchi 10, saizi ya 3.50, mzunguko wake ni kama mita 1.35. Ukienda kilomita 60 kwa saa, unakata mita 1,000 kwa dakika, kwa hiyo gurudumu linazunguka kama mara 740 kwa dakika. Injini wakati huohuo inazunguka mara elfu kadhaa. Mkanda peke yake hauwezi kuziba pengo hilo, ndiyo maana gia hizi zipo. Kila mlima unaoupanda, kila abiria unayempakia, kila ukiondoka kwenye taa kwa pupa, mzigo wote unapita kwenye meno yao. Na kinacholinda meno hayo ni mililita 100 hadi 200 tu za oili, kutegemea aina ya skuta. Hiyo ni kama vikombe viwili au vitatu vidogo vya kahawa ya barazani.

Oili hiyo haichomwi na moto, haipati masizi ya petroli, kwa hiyo huishi muda mrefu kuliko ile ya injini. Lakini haina filta wala wavu. Chembe ya chuma ikikatika kwenye jino inabaki humohumo, inapita tena kati ya meno, inakata nyingine. Kwa sababu hiyo mabadiliko ya kwanza kabisa, skuta ikiwa mpya, ndiyo yenye maana kubwa: gia mpya humwaga unga wa chuma zinapozoeana, na unga huo unatakiwa utolewe mapema. Watengenezaji wengi husema kwenye kilomita 1,000 za mwanzo, injini na gia pamoja.

Hapa Zanzibar kuna jambo jingine linalochanganya, nalo ni jina. Sisi skuta yoyote tunaiita vespa. Vespa halisi ni ya kampuni ya Piaggio ya Italia, iliyosajili ubunifu wake Aprili 1946, ikichorwa na mhandisi wa ndege Corradino D'Ascanio, na zile za zamani zenye gia za mkononi bado zinapita mitaani kwetu. Injini ya hizo za zamani ni ya mapigo mawili, na mambo yake ya oili ni kinyume kabisa na skuta ya kisasa. Injini haina oili ya kumwaga hata kidogo. Inapata ulainisho kutoka kwenye petroli, ndani yake mkiwa na 2T, oili maalumu ya kuchanganywa na petroli, kwa kawaida asilimia 2, yaani mililita 20 kwa kila lita. Zile zenye pampu yake huchanganya zenyewe kutoka kwenye tangi dogo. Oili unayoibadilisha kwenye vespa ile ni ya giaboksi tu, mililita 250 za SAE 30 (SAE ni kipimo cha uzito wa oili), na klachi inaogelea humohumo. Mzee aliyekulia kwenye Vespa PX 150 anajua vizuri kabisa oili ya nyuma. Kijana aliyekulia kwenye bodaboda anajua ya injini. Skuta ya kisasa ya mapigo manne inataka elimu ya wote wawili.

(Kwa mwenye vespa ya zamani, neno moja tu: ikianza kutoa moshi mweupe mzito na oili ya giaboksi inapungua bila kuvuja chini, angalia sili ya upande wa klachi. Injini inainyonya oili ya gia na kuichoma.)

Sasa dukani. Maandishi kwenye kopo yanatisha lakini yanasomeka. Chukua 10W-40. Namba ya kwanza, yenye W, inaeleza oili inavyotiririka kwenye baridi, na W yenyewe ni ya majira ya baridi ya Ulaya na Marekani. Kwetu pwani, ambako asubuhi ya Julai ndiyo baridi yetu, namba hiyo haina uzito mkubwa. Namba ya pili inaeleza uzito wa oili ikiwa moto, kwa nyuzi joto 100. Hiyo ndiyo ya kuiangalia, na uifuate kama kitabu cha skuta kilivyosema.

Kisha tafuta neno JASO. Hiki ni kipimo cha Wajapani kilichoanza 1998, na sababu yake ni kisa kizuri cha kueleza. Watengenezaji wa oili za magari walianza kuongeza viungo vya kupunguza msuguano ili magari yatumie petroli kidogo. Gari halikupata tabu, kwa kuwa klachi yake ni kavu. Lakini pikipiki, ambayo klachi yake inaogelea kwenye oili ya injini, ilianza kuteleza: unavuta mafuta, injini inalia, chombo hakiendi. Ndipo oili za pikipiki zikagawanywa. MA ni kwa zenye klachi inayooga oili, kama bodaboda. MB ina msuguano mdogo zaidi, na ni kwa zenye klachi kavu, yaani skuta. Ukitia MA kwenye skuta hutaharibu kitu, unakosa faida ndogo tu ya ulaini. Ukitia MB kwenye bodaboda unaiharibia kazi. Mwenye vyombo vyote viwili nyumbani, mwenye wasiwasi wa kuchanganya, na anunue MA tu na alale usingizi, mradi uzito wake unakubaliana na vitabu vyote viwili.

Oili ya gia ina mtego wake. Kopo litaandikwa 80W-90 au 85W-90, na mtu akilinganisha 90 na 40 ataona hii ni nzito zaidi ya mara mbili. Sivyo. Oili za gia hupimwa kwa ngazi nyingine ya namba, na 90 ya gia kwa uzito inakaribiana na 40 au 50 ya injini. Ndiyo sababu Piaggio huagiza 80W-90 ya daraja la GL-4 kwenye Vespa zake za mapigo manne, huku Honda kwa skuta zake nyingi ikiagiza oili ya injini ileile, 10W-30, iingie na kwenye gia. Wote wako sahihi, kila mmoja kwa gia alizozichonga mwenyewe. Usihamishe ushauri wa skuta ya jirani uje nao kwenye yako.

Na tafadhali, ukifika dukani usiseme "nataka oili ya gia ya otomatiki." Skuta ni otomatiki kwa mkanda, si kwa oili. Muuzaji akisikia neno hilo atakupa ATF, ile nyekundu ya giaboksi za magari, ambayo ni nyepesi mno kwa meno haya. Taja namba iliyo kwenye kitabu.

Kazi yenyewe ni ya nusu saa. Washa skuta dakika tatu mpaka tano, oili ipate joto na iinue uchafu, kisha izime na uisimamishe kwa stendi ya kati mahali palipo sawa. Kabla ya kugusa spana, tambua bolti zako. Hapa ndipo penye kosa baya kuliko yote, na limeua skuta nyingi. Mtu huingia chini, akaiona bolti iliyo karibu na gurudumu, akaidhania ni ya injini. Anaifungua, inatoka oili kidogo, anajiambia oili ilikuwa imekwisha. Anafunga, anamimina chupa nzima mbele. Sasa injini ina oili mara mbili ya inavyotakiwa, na gia zimebaki kavu. Alama ya kukuokoa ni kiasi: kwenye skuta nyingi za cc 125 mpaka 150 injini huchukua kama mililita 700 mpaka 900. Ukiona kilichotoka hakijai kikombe cha chai, simama. Huko si kwenye injini.

Bolti ya injini iko chini ya tumbo la injini, mbele ya gurudumu. Kwenye skuta nyingi za Kichina, zenye injini aina ya GY6, kuna kifuniko kikubwa chini upande wa kushoto, na nyuma yake mna springi na wavu wa kuchujia. Kifungue pole pole, mkono ukiwa tayari, maana springi hurusha vyote ndani ya beseni la oili ya moto. Wavu huo uoshe kwa petroli na uutazame dhidi ya jua. Vumbi laini la kijivu si ajabu. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni habari nyingine, na hapo usirudishe kitu kabla fundi hajaona. Angalia na pete ya mpira ya kifuniko. Ikiwa imekakamaa au imepasuka, weka mpya.

Wakati wa kurudisha bolti, anza kwa vidole. Tumbo la injini ni la alumini na bolti ni ya chuma, kwa hiyo ikiingia upande au ikikazwa kwa hasira, hesi zinazokufa ni za injini, si za bolti. Nimeona watu wazima wakikanyaga spana kwa mguu. Bolti hii haishikiliwi na nguvu zako, inashikiliwa na pete yake laini ya alumini, ile mafundi wanayoiita washa, ambayo hubonyea na kuziba. Weka mpya, kaza mpaka igome, kisha ongeza kidogo kwa spana fupi, basi.

Mimina mililita 700 kwanza, si chupa nzima. Chupa za dukani ni za lita moja kwa sababu ya pikipiki; skuta yako haina wajibu wa kuimaliza. Oili ikizidi, injini huipiga mpaka inatoa povu, na povu halilainishi, tena nyingine hupanda kwenye kipumulio mpaka boksi la filta ya hewa na skuta ikaanza kutoa moshi. Washa dakika chache, zima, subiri dakika mbili tatu, ndipo upime. Namna ya kupima nayo inatofautiana: skuta nyingi za Kijapani na za Kichina unatumbukiza kijiti bila kukizungusha, ilhali Vespa ya mapigo manne unakikaza mpaka mwisho ndipo ukitoe. Ukikosea hapo unasoma uongo kila siku.

Sasa nyuma. Kuna bolti mbili, ya juu ya kujazia na ya chini ya kumwagia. Anza na ya juu. Nasema tena, ya juu kwanza. Ikiwa imeshika kutu na haifunguki, bado oili ya zamani iko ndani na unaweza kuendesha mpaka kwa fundi. Ukianza na ya chini halafu ya juu ikagoma, umebaki na gia tupu na skuta ya kusukuma. Funika tairi na breki kwa kitambaa, fungua ya chini, uiache oili itiririke yote, na ulizungushe gurudumu kwa mkono, injini ikiwa imezimwa, lishushe iliyobaki kwenye meno.

Itazame rangi. Kahawia au nyeusi nyepesi, umechelewa kidogo tu. Ya fedha inayometa, kama yangu, chuma kimeliwa. Tia mpya, tembea kilomita 500, umwage tena uone kama mmeto umepungua. Nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na kwetu hili hutokea masika. Boksi la gia lina kipumulio. Ukiingia kwenye dimbwi lenye kina na gia zikiwa za moto, chuma kinapoa ghafla, hewa iliyo ndani inasinyaa, na kipumulio kinavuta maji badala ya hewa. Barabara ikifurika nawe ukapita maji yakifika kwenye ekseli, usingoje kilomita. Badilisha wiki hiyohiyo, kwa kuwa maji yakikaa humo beringi zitapata kutu hata skuta ikiwa imesimama.

Kwa kujaza, sindano kubwa ya duka la dawa ya mililita 50 au 60 na kipande cha mpira mwembamba ndivyo vifaa bora kuliko faneli yoyote, maana unajua umetia kiasi gani. Kwenye skuta nyingi oili ikianza kuchungulia kwenye mdomo wa tundu la juu, imetosha; nyingine zina kijiti chake. Usizidishe. Hapa oili ya ziada haiendi mahali pa heri: inatoka kwenye kipumulio au inasukuma sili, na jirani wa sili hiyo ni breki ya nyuma na tairi. Ukimaliza, safisha tairi kwa maji na sabuni ya unga hata kama huoni tone.

Kuhusu muda, kitabu cha skuta kinaweza kusema kilomita 4,000 au zaidi kwa injini na karibu 10,000 kwa gia. Mimi siendi huko. Joto letu, vumbi, chumvi ya bahari, na safari fupi za sokoni ambazo injini haipati hata kushika moto vizuri kabla ya kuzimwa tena, vyote vinaikomaza oili mapema. Namwaga ya injini kila kilomita 2,000 na ya gia kila 5,000. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na seti ya gia na beringi, na mimi niliilipa hiyo seti.

Ile oili chafu, usiimwage chini ya mwembe. Maji tunayokunywa Unguja yanatoka ardhini, kwenye visima na chemchemi, na mwamba wetu wa chokaa umejaa matundu. Kinachomwagwa juu hakikawii kufika chini. Itie kwenye chupa tupu ya lita moja, uifunge vizuri, uipeleke gereji yenye pipa la kukusanyia. Mimi huandika kilomita za siku hiyo kwa kalamu ya wino mzito chini ya kiti, safu mbili: I ya injini na G ya gia. Safu ya G ni fupi, ina mistari michache, na kila ninapofungua kiti kutia petroli jicho langu huanza kwenye hiyo.